Kabla ya kusikiliza turbo, vua gurudumu

Tuseme ukweli. Ukienda kuangalia Subaru ya mtumba, unafungua boneti hata kama hujui unachotafuta humo ndani. Unamwambia mwenye gari apige resi usikie ekzosi. Halafu unaegemea mlango, unapigwa picha, unaituma kwa WhatsApp kabla hata hujauliza logibuku iko kwa jina la nani. Breki? Breki unaangalia rangi tu. Ukiona kalipa za dhahabu zimeandikwa Brembo unasema, "Hii inasimama." Imeisha hiyo.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana aliyekuwa ameegemea mlango ni mimi.

Gari lilikuwa la rafiki yangu hapa Migori, Impreza WRX iliyopitia mikono ya watu kadhaa kabla ya kumfikia. Jamaa ananunua na kuuza dhahabu upande wa Macalder, kwa hivyo usidhani ni mtoto wa tajiri. Ni pesa ya jasho. Jumamosi ya kwanza tukaamua kuipeleka Homa Bay tukale samaki. Tulipita Awendo tukiwa tumefungua madirisha ili watu wasikie mlio, tukafika Rongo, tukakata kushoto.

Kama unaijua barabara hiyo, unajua kwamba kutoka Rongo unateremka kuelekea ziwani. Tulipopita Rodi Kopany, pedeli ya breki ilianza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama simu inayoita mfukoni. Halafu gurudumu la mbele kushoto likaanza kupiga kelele, tak, tak, tak, kila akikanyaga. Rafiki yangu akaongeza sauti ya redio. Sikumwambia kitu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tuliingia Homa Bay pole pole hadi gereji moja. Fundi, mzee wa makamo, akapiga jeki, akavua gurudumu, akamulika na tochi ya simu. Akanyamaza. Alipozungumza alimwangalia rafiki yangu, si gari.

"Nyathina, nani alikuuzia hii?"

Ngoja nikueleze alichoona. Diski ya breki ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma. Zetu zilikuwa za vipande viwili, aina inayofungwa kwenye magari ya mbio: duara la chuma linalobanwa na pedi, na katikati kofia ya alumini inayokaa kwenye habu. Vipande hivyo viwili hushikanishwa na boliti ndogo. Za diski yetu zilikuwa kumi. Kila unapokanyaga breki, nguvu yote ya kusimamisha gurudumu inapitia kwa hizo boliti kabla ya kufika kwenye habu. Mbili zetu hazikuwa na kichwa. Nyingine zilikuwa zimevimba kutu hadi huwezi kujua zilikuwa za spana namba ngapi. Na moja, naapa, ilikuwa boliti ya hadiwea, ile ya kufungia geti.

Si Subaru pekee. Diski za vipande viwili utazikuta kwenye BMW za M, Mercedes za AMG na Audi za RS, wakati mwingine kwa boliti, wakati mwingine kwa pini. Wahandisi wanazipenda kwa sababu alumini ni nyepesi, na duara la chuma likipata moto linapata nafasi ya kutanuka bila kupinda. Kutu ikishika hapo katikati, ile nafasi inapotea. Diski inaanza kupinda, inaweza hata kupasuka, na boliti zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Kutu inatoka wapi na sisi hatuna theluji? Inakuja na gari. Huko Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, msimu wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Japani ilipoachana na matairi yenye misumari mwanzoni mwa miaka ya 1990, chumvi iliongezeka. Uingereza, tunakotoa Golf na Audi nyingi kwa kuwa nao usukani wao uko kulia, ni hivyo hivyo. Sasa chukua maji ya chumvi, uyaweke mahali ambapo chuma na alumini vimebanana. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi katikati, hiyo ni betri ndogo. Inakula metali polepole, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Halafu gari linapanda meli, linafika Mombasa kwenye upepo wa bahari, ndipo lije kwetu.

Kuna atakayeniambia Ziwa Victoria ni maji matamu, si chumvi. Ni kweli. Lakini kutu ikishaanza haihitaji chumvi mpya, inatosheka na mvua, matope na ile mashine ya kuoshea gari inayosukuma maji hadi kwenye kila ufa.

Sheria nayo usiitegemee sana kwa hili. Tunajua Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na KEBS inataka likaguliwe huko linakotoka kabla ya kupakiwa. Sawa. Lakini WRX ya 2006 unayoionea tamaa leo ilikaguliwa ikiingia, miaka mingi iliyopita, na tangu hapo imeendeshwa na vijana kama mimi na wewe. Cheti cha zamani hakijui ni nani alifungua diski hiyo mwaka juzi na kurudishia boliti ya geti.

Na hapa sitaki turushie mafundi lawama zote. Ni rahisi kusema fundi ni mjanja. Lakini nimekaa kwenye gereji za kutosha kujua sentensi inayoua watu: "Wewe funga tu hivyo, nina safari." Inasemwa na mwenye gari. Fundi akikwambia boliti imekatika na mpya lazima iagizwe Nairobi, itakaa siku mbili, unakasirika. Unamwambia achomelee. Boliti ya breki hupikwa kiwandani ili iwe ngumu. Ukiichomelea au kuipiga gesi hadi iwe nyekundu, ule ugumu unaondoka, unabaki na kitu chenye umbo la boliti tu.

Angalia kichwa cha boliti nzuri, utaona namba. 8.8 ina nguvu yake, 10.9 ina nguvu zaidi. Ile ya hadiwea isiyo na namba yoyote, mwachie mwenye geti. Na ukibadilisha boliti za diski ya vipande viwili, badilisha zote, kwa seti ya mtengenezaji wa diski hiyo, na zikazwe kwa spana inayopima nguvu. Si kwa kuchomeka paipu kwenye spana na kuning'inia.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini fizikia moja ya sekondari haijanitoka. Ukitoka kasi ya 80 hadi 160, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Sasa kumbuka Awendo saa moja jioni, trekta limevuta trela ya miwa, halina hata taa moja nyuma, na wewe uko 160 kwa sababu gari "linavuta". Boliti kumi. Tatu mbovu.

Kwa hivyo ukienda kununua, chukua fundi wako, si wa muuzaji, umlipe avue magurudumu yote manne. Mwangalie boliti zisizofanana, vichwa vilivyoliwa, alama za kuchomelea, kutu iliyotapakaa pale kofia inapokutana na chuma, na diski iliyogeuka bluu kwa moto. (Usishtuke ukisikia diski ya vipande viwili inacheza kidogo ikiwa baridi, kuna zilizotengenezwa hivyo. Ndiyo maana unaenda na fundi.) Nenda pia na hesabu yako kamili. Kama pesa yako inaisha kwenye bei ya gari, hiyo gari huna uwezo nayo bado. Najua inauma. Nunua Vitz, endelea kuweka akiba, hakuna atakayekucheka kwa zaidi ya wiki moja.

Rafiki yangu hakurudisha zile diski. Aliagiza za kawaida za kipande kimoja kutoka Nairobi, zikaletwa na basi la usiku kama mzigo, na pesa ilitoka kwenye ile aliyokuwa ameweka ya ekzosi mpya. Tulilala Homa Bay siku mbili. Samaki tulikula, lakini kwa madeni.

Jumapili hii tunaenda Rongo kumwangalizia jamaa mwingine Forester ya turbo. Tulimwambia muuzaji mapema kwamba tutavua magurudumu. Amejibu kuwa zile nati zina ufunguo wake maalum na ufunguo umepotea. Tumemwambia akiupata atupigie.