Fundi Hakuiba

Likizo iliyopita, karibu na soko la Nyanza-Lac, wanafunzi watatu wa chuo walimwita fundi wa kompyuta mwizi mbele ya wateja wake. Mmoja wa wale watatu ni mimi. Naandika insha hii kumtetea, na kwa kuwa kosa tulilolifanya linafundishwa, tena linapewa alama nzuri darasani, sitaandika kwa upole.

Kesi yenyewe ni hii. Nilikuwa nimeunda kompyuta nyumbani kwa vifaa vilivyokwishatumika: ubao mkuu uliotoka Bujumbura, prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, kasha alilonipa binamu yangu, na vijiti viwili vya RAM aina ya DDR3, kila kimoja gigabaiti 4, nilivyovinunua kwa fundi huyo. Kila kijiti kilibandikwa karatasi yenye namba 1600. Nilipoiwasha mashine na kufungua programu ya CPU-Z, ikaniambia megahezi 665. Hata nusu ya 1600 haikufika. Nikawaita wenzangu wawili, tukashuka mjini.

Fundi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kutuuliza: "Hiyo 665 ni ya nini, wadogo zangu?" Tukamjibu kwa Kifaransa, kwa sauti ya kuwafikia watu waliokuwa nje: fréquence! Tuliona neno lile limemaliza shauri, kumbe hata sisi hatukujua mara 665 za kitu gani.

Chukua mtu wa baiskeli anayepandisha mawese kutoka Nyanza-Lac kwenda Mabanda na kurudi na maharagwe. Kwa wiki anakwenda na kurudi mara tano. Ukimuuliza safari, atakuambia tano. Ukimuuliza mizigo, atakuambia kumi, na hajakudanganya popote. Kumbukumbu za kompyuta za zamani zilibeba mzigo mara moja tu katika kila mpigo wa saa yake. Aina ya DDR, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2000, hubeba mpigo ukipanda na hubeba tena ukishuka. CPU-Z huhesabu safari. Karatasi ya kiwandani huhesabu mizigo. Kwa hiyo kijiti cha 1600 kikienda kwa kasi yake yote kitasomeka 800, na kijiti cha DDR4 cha 3200 kitasomeka 1600.

Hapa ndipo mwenzangu mmoja, ambaye alishawahi kusikia habari hii, akapiga meza. Zidisha kwa mbili, akasema, unapata 1330, siyo 1600, kwa hiyo wizi uko palepale! Nakiri kwamba hoja ile ilinifurahisha sana. Ni hoja ya mtu aliyekariri kanuni akaacha sababu yake, na mtu wa namna hiyo ni wa hatari kuliko asiyejua kitu, kwa sababu anazo namba za kumhukumia mwenzake.

Prosesa za Core i3 za kizazi cha pili ndizo zinazoiongoza RAM moja kwa moja, na kikomo chake kwa DDR3 ni 1333. Ukizipa kijiti cha 1600 hazikikatai, ila hukiendesha kwa mwendo zinaouweza zenyewe. Nusu ya 1333 ni 666 na kitu, na saa ya ubao wangu ilikuwa inachelewa kidogo sana, ndiyo maana ya 665. Mwenye kasoro alikuwa prosesa niliyoichagua mimi. Na ushahidi ulikuwa ndani ya CPU-Z ileile, ukurasa unaofuata tu. Kila kijiti kina chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake, na ukurasa unaoitwa SPD unayasoma. Fundi aliufungua kwenye mashine yangu mwenyewe. Uliandika PC3-12800, megahezi 800. Hiyo 12800 ni 1600 mara baiti 8 zinazopita kwa kila uhamisho, yaani megabaiti 12,800 kwa sekunde. Vijiti vilikuwa halisi. Hatukuufungua ukurasa ule kwa sababu tulishapata mwizi.

Najua nitakachojibiwa. Wezi wapo. Ni kweli wapo, karatasi hubandikwa juu ya karatasi, na mwanafunzi aliyechanga fedha miezi mingi ana haki ya kukagua alichonunua. Lakini kukagua ni kazi yenye hatua. Anayetazama namba moja akaruka hukumu hajakagua. Tena angekagua kweli, angeona mambo yanayomgharimu kila siku bila mtu yeyote kumwibia. Wenye DDR4 za 3200 wengi wanazitumia kwa 2133 au 2400 miaka nenda rudi, kwa kuwa hawajaingia kwenye BIOS kuwasha mpangilio wa XMP. Mwingine ana kijiti kimoja cha 1600 anachojivunia, wakati vijiti viwili vya 1333, kila kimoja kwenye njia yake, hupitisha karibu gigabaiti 21 kwa sekunde dhidi ya 12.8 zake. Na kwa wale wanaopenda kubishana zaidi: kijiti cha 1333 kinachosubiri mipigo 9 hujibu baada ya nanosekunde 13.5, na cha 1600 kinachosubiri mipigo 11 hujibu baada ya 13.75. Chenye namba kubwa ndicho kinachochelewa kujibu.

Viwanda navyo sivisamehe. Hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz, huhesabu mizunguko kamili kwa sekunde. Kuandika "1600 MHz" juu ya kijiti ambacho saa yake inapiga 800 ni kuita mizigo safari, na imefanyika miaka zaidi ya ishirini kwa sababu namba kubwa inauzika. Kipimo sahihi kipo, ni MT/s, mihamisho milioni kwa sekunde. Microsoft yenyewe ilianza kukitumia kwenye dirisha la kazi la Windows mwaka 2024, baada ya kuandika MHz hapo awali.

Lakini lawama kubwa naielekeza hapa chuoni. Wahadhiri wetu, mnatuambia Kiswahili hakijakomaa kubeba sayansi, na wenzangu mnaitikia. Mimi nilielezwa jambo hili na mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani kwenu, kwa Kiswahili cha ziwani, akiwa ameshika bisibisi, mbele ya watu waliotoka kununua ndagala, na watu wale walielewa kabla yangu. Sisi tulikuwa na neno la kigeni, yeye alikuwa na swali. Mtihani wetu wa muhula ule ulitaka tuandike maana ya neno lile kwa mstari mmoja. Nilipata alama zote.

Hasara ya mchezo wetu hatukuilipa sisi. Katika mji mdogo, habari kwamba wasomi wa chuo wamemkamata fundi na RAM za uongo hutembea upesi, na habari kwamba wamekosea haina miguu. Tulimtia mchanga kitumbua chake. Niliporudi baada ya wiki mbili kumwomba radhi, nilimkuta anatengeneza redio, na kompyuta mbili tu zilikuwa kwenye rafu iliyokuwa ikijaa. Alinipokea, akaniuliza kama mashine inawaka vizuri. Nikamwomba aniruhusu niyarudie maneno yangu mbele ya wateja, akasema, "Wateja gani, mdogo wangu?"

Wenzangu wale wawili wataisoma insha hii. Duka lake liko palepale, na bado hawajaenda.