Maji ya Chini Hayajui Mpaka wa Shamba

Majuzi nilihudhuria mkutano wa wazee na akina mama huko Asembo Bay. Mwalimu aliyealikwa hakuleta hotuba ndefu. Alileta sanduku dogo la kioo lililojaa changarawe na mchanga, akamimina maji hadi nusu. Upande mmoja alichomeka mrija, akasema, "Hiki ni kisima." Upande wa pili akadondosha wino mwekundu, akasema, "Na hiki ni choo." Kisha kijana mmoja akavuta maji mrijani kwa bomba la sindano. Baada ya kitambo kidogo yakatoka mekundu, na mkutano mzima ukanyamaza.

Wengi wetu hudhani kwamba chini ya ardhi mna mito iliyofichika. Kwa kweli mvua hupenya polepole, ikajaza matundu yaliyo kati ya chembe za mchanga na nyufa za mwamba. Na maji hayo husogea, mara nyingi kwa kuufuata mteremko. Basi choo kilichochimbwa juu ya kisima ni hatari. Kanuni ifundishwayo ni kuacha mita 30 au zaidi kati yake, ingawa penye mwamba wenye nyufa hata hizo huenda zisitoshe.

Mzee mmoja akasimama. "Mwalimu, kisima changu nilikichimba kwa mikono yangu, na maji yake ni matamu kuliko ya ziwa. Leo waniambia ni machafu?"

"Mzee wangu," akajibu kwa adabu, "ulimi hauonji kijidudu."

Akatueleza habari za Kisumu, ambako watafiti walipima visima vya mitaa ya Manyatta na Migosi, wakarudi tena baada ya miaka kadhaa. Vijidudu vya kinyesi vilikuwamo. Kuchemsha maji huviua, lakini hakuondoi chumvi za naitreti zitokazo vyooni, ambazo huwadhuru watoto wachanga. Tena tusisahau mwaka 2020, ziwa lilipofurika na vyoo vingi vya ufuoni vikajaa maji.

Hapo ndipo lilipozuka jambo zito. Mama mmoja mjane alisema, kwa sauti ya chini, kwamba choo cha yule mzee kiko juu ya kisima chake. Mambo kama hayo huvunja ujirani, nami nilidhani mkutano umekwisha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kama ile ya 2002 iliyoitangulia, huwawezesha wenyeji kuunda chama cha watumiaji wa maji. Lakini hakuna sheria iwezayo kumfanya mzee amsikilize jirani yake mbele za watu.

Mzee akaomba kamba ipimwe. Tukafuatana sote mpaka bomani kwake. Zilikuwa mita 14.

Alikaa kimya, kisha akauliza nani ana sururu. Vijana wanne wakajitolea. Shimo jipya litachimbwa upande wa chini, kabla ya mvua za masika, na mjane ameahidi kuwapikia wachimbaji.