Mwanao akisafiri peke yake ng'ambo, mwambie hili kuhusu homa

Barua ya kupokelewa chuo ikishafika, nyumba nzima hukosa utulivu. Mama anawaza masweta, baba anawaza nauli. Mjomba, ambaye kwa Waluguru neno lake juu ya mtoto wa dada yake lina uzito, anataka kujua ni nani atakayempokea huko. Bibi ana swali moja tu: hiyo ndege ikizimika huko juu inakuwaje?

Hofu ya wengi huishia hapo kwenye ndege. Lakini kwa kijana mwenye afya njema anayeondoka Morogoro kwenda kusoma mbali, hatari ya kuangaliwa zaidi huja siku nyingi baada ya kutua. Na mara nyingi anakuwa ameibeba mwilini kutoka nyumbani bila kujua.

Chukua mfano wa binti wa miaka 19 kutoka Mgeta, aliyepata nafasi ya kusomea kilimo Beijing. Jambo hilo si geni mkoani. Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kimekuwa kikifanya kazi na wakulima wa kijiji cha Peapea, Kilosa, tangu mwaka 2011. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Kitanzania walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli, TAZARA ilipokuwa ikijengwa. Enzi hizo habari ya "nimefika salama" ilikuja kwa barua. Leo mama anaitegemea siku ileile, na isipokuja halali.

Kabla ya yote, isomeni tiketi pamoja. Waswahili tunahesabu siku kuanzia alfajiri, ila mashirika ya ndege yanaianza saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 6, saa 02:40, maana yake ni saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 6. Binti anatakiwa awe uwanjani Dar es Salaam tarehe 5 usiku. Anayejipanga kuondoka nyumbani tarehe 6 jioni atakuta ndege imekwenda.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Dar hupita Addis Ababa, Doha au Dubai, na ukijumlisha saa za kusubiri ndege ya pili, inaweza kula karibu siku nzima. Hewa ndani ya ndege hurekebishwa iwe kama ya mtu aliyesimama kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Watu wa Morogoro hawana haja ya kuelezwa sana hapo: kilele cha Lupanga, kile kinachoonekana ukiwa mjini, kina zaidi kidogo ya mita 2,100. Kwa hiyo ni kama binti ameketi juu ya Lupanga kwa saa nane au kumi, tena kwenye hewa kavu kuliko ya Lupanga. Mwenye afya njema ataona kiu na uchovu, basi. Maji anywe mara kwa mara.

Mwenye sikoseli ni habari nyingine. Oksijeni inayopungua na mwili unaokauka maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mtoto wa namna hiyo asikatiwe tiketi kabla hajaonana na daktari wake.

Masikio yataziba ndege ikishuka, kama yanavyoziba gari likiteremka kutoka Mgeta kuelekea Mzumbe. Ameze mate, apige miayo, atafune kitu. Miguu nayo isikae imekunjwa njia nzima, kwa sababu kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa kijana uwezekano huo ni mdogo sana, ila hupanda kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na anayetumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anyanyuke, atembee, achezeshe vifundo.

Beijing iko mbele yetu kwa saa tano. Morogoro ikiwa saa mbili usiku, kule ni saa saba usiku. Siku za kwanza binti atakuwa macho usiku wa manane na kusinzia darasani. Hilo si ugonjwa. Mwili huchukua takribani siku moja kuzoea kila saa moja iliyobadilika, hivyo mpeni kama siku tano. Kukaa nje kwenye mwanga wa mchana na kujizuia kulala mchana kutwa humsaidia kuliko dawa yoyote ya usingizi.

Halafu kuna simu. WhatsApp imefungwa China. Wazazi wasiojua hilo wanaweza kukaa siku mbili wakitazama alama moja ya kijivu na kudhani mtoto kapotea. Pakueni WeChat kabla hajaondoka, kwenye simu yake na angalau simu moja ya nyumbani, tena mapema, maana akaunti mpya huweza kuhitaji kuthibitishwa na mtu mwingine anayeitumia tayari. Mkubaliane na saa ya kuongea. Saa tisa alasiri hapa ni saa mbili usiku kwake, ametoka darasani na bado hajalala.

Hiyo simu ndiyo itakayoleta habari yenyewe. Siku ya kumi hivi, binti anasema kichwa kinamuuma na mwili unatetemeka. Nyumbani mtu anajibu upesi: "Ni mabadiliko ya hali ya hewa tu, utazoea." Jibu hilo limejaa upendo, na linaweza kuua.

Turudi nyuma wiki mbili. Huko milimani Mgeta ni baridi na mbu wa malaria ni wachache, kwa hiyo binti hakukua na kinga kubwa dhidi ya ugonjwa huo. Kisha zikaja shughuli za viza na tiketi. Akashuka Morogoro mjini, akaenda Dar, akalala kwa shangazi sebuleni, godoro chini, bila chandarua. Kwa malaria kali inayotusumbua zaidi Tanzania, homa huanza mara nyingi kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Hesabu hiyo inaangukia Beijing.

Wengine hupima siku ya kuondoka, kipimo kinaonyesha hakuna malaria, nyumba nzima inapumua. Lakini vimelea huanza kwa kujificha kwenye ini kwa siku kadhaa, na katika siku hizo kipimo cha damu hakivioni.

China nayo ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwezi Juni 2021. Daktari wa chuoni anaweza kuwa hajawahi kuona mgonjwa wa malaria, akafikiria mafua kwanza. Inashangaza kidogo, kwani dawa mseto tunayopewa kwenye zahanati zetu chimbuko lake ni huko huko: mwanasayansi Tu Youyou alifanya utafiti wa mmea wa jamii ya pakanga miaka ya 1970, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ipo. Kinachohitajika ni mtu wa kumkumbusha daktari, na katika chumba kile mtu huyo ni binti mwenyewe.

Kwa hiyo afundishwe kusema bila aibu: "Nimetoka Tanzania, kuna malaria, naomba nipimwe leo." Aiandike kwa Kiingereza, na amwombe mwenzake amwandikie kwa Kichina kwenye karatasi ya kuweka pamoja na pasipoti. Akizidiwa, namba ya gari la wagonjwa China ni 120. Malaria hii inaweza kumgeuza mtu kutoka kwenye homa hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo asisubiri Jumatatu. Na akipewa na daktari wa hapa dawa za kubeba, zikae kwenye pakiti zake pamoja na cheti, na zisichukue nafasi ya kipimo.

Kwa zile wiki mbili za mwisho kabla ya safari, shangazi wa Dar aambiwe mapema kuhusu chandarua. Hakuna shangazi atakayenuna kwa hilo.

Likizo ya kwanza nayo ina lake. Mtu aliyekulia Kilombero au Kilosa hupata kinga kiasi kwa kuumwa mara kwa mara, na kinga hiyo hufifia akikaa mbali. Anarudi baada ya mwaka mmoja au miwili, ndugu wanamcheka anapouliza chandarua kiko wapi, wanasema amekuwa mzungu. Wamtafutie, kisha wamwachie alale. Saa yake ya mwilini bado iko Beijing, na saa mbili usiku macho yatakuwa yanafumba.