Mimba Inayofichwa Haipimwi Presha

"Mimba si ugonjwa." Kauli hii utaisikia kwa mama mkwe, kwa mume na hata kwa mjamzito mwenyewe, kuanzia milima ya Wamatengo kule Mbinga hadi Liuli na Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana imegeuzwa kibali cha kungoja: mimba ifichwe kwanza macho ya watu, ijitokeze yenyewe, ndipo kadi ya kliniki ikachukuliwe mwezi wa tano au wa sita. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba ni kama theluthi moja tu ya wanawake ndio waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Kifafa cha mimba hakingoji hivyo. Watu hukiona siku ya degedege, na wapo wanaowasingizia mashetani, ilhali mara nyingi kimeanza wakati mimba bado ni siri. Katika majuma ya mwanzo kondo la nyuma hujichimbia ukutani mwa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya damu ya mama. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo hubaki myembamba. Miezi baadaye presha hupanda na protini huonekana kwenye mkojo, na mama anaweza asihisi chochote. Ndiyo sababu aspirini ya dozi ndogo, kwa aliye katika hatari kubwa, hutakiwa ianze kabla ya wiki ya 20. Hata utafiti wa vidonge vya kalisiamu, vinavyotumika kuzuia ugonjwa huohuo, uliofanyika Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalitoka 2024, uliandikisha wajawazito 11,000 wa uzazi wa kwanza kabla ya wiki hiyo. Miligramu 500 kwa siku zilikinga karibu sawa na 1,500. Anayeanza kliniki mwezi wa sita, wakati bora wa kuanza kinga umeshampita. Ugonjwa ukishampata, ipo sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo mwaka 2002 utafiti wa Magpie, katika nchi 33, ulionyesha hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini hiyo humfaa aliyekwisha kugundulika.

Wapo watakaosema bibi zetu walizaa bila kliniki. Walizaa, ndiyo; wanaotusimulia ni wale waliopona. Wengine watasema mwanamke wa ziwani anakula usipa na mifupa yake, kalisiamu anayo. Chakula kizuri hicho, nami ningependa kifike kwa wingi milimani, ila usipa haupimi presha. Kilio cha umbali na nauli nakikubali bila ubishi, lakini hicho ni cha kuidai serikali, wala hakihusiani na kuficha mimba. Mume ambaye mkewe amekosa siku zake mwezi huu amsindikize zahanati mwezi huuhuu, hata kabla tumbo halijaonekana.