Tamko kuhusu elimu ya watoto walio katika malezi ya kambo: Akihama nyumba, masomo yasihame

Sisi wanachama wa chama cha walimu, maafisa ustawi wa jamii na walezi wa kambo wa Tanzania Bara tunatoa tamko hili kwa Serikali, kwa kamati za shule, na kwa kila mwananchi aliyewahi kumpokea nyumbani mtoto ambaye hakumzaa.

Januari shule zinapofunguliwa, mbele ya meza ya mwalimu mkuu husimama mtoto ambaye hakuletwa na mzazi. Ameletwa na mama aliyempokea wiki mbili zilizopita, mkononi ana barua ya ustawi wa jamii, na fomu aliyopewa kujaza inamshinda. Alikuwa anasoma wapi? Hana hakika. Darasa la ngapi? Mtoto anasema la nne, lakini umbo ni la mtoto wa darasa la sita. Namba ya PREM, ile ya mfumo wa Baraza la Mitihani? Hajawahi kuisikia. Jina la baba? Hapo mtoto anainamisha kichwa. Mwalimu naye ana foleni ya wazazi hadi uwanjani, kwa hiyo anasema neno ambalo wengi wetu tuliokaa kwenye kiti hicho tumelisema: nendeni, mkikamilisha mtarudi. Wengine hurudi Machi, na wengine hawarudi.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, na kanuni zake zilitoka mwaka 2012. Mtoto ambaye hawezi kukaa kwao kwa usalama, au anayetolewa kwenye makao ya watoto, anakabidhiwa kwa familia nyingine chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Hiyo siyo kuasili: mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake, na mlango wa kurudi kwao haufungwi. Ziko pia familia za kuaminika, zinazopokea mtoto kwa dharura, hata saa tano usiku, jalada la kesi likiwa bado polisi. Na nje ya karatasi zote hizo wako walio wengi zaidi: watoto wanaolelewa na bibi, shangazi au mjomba, ambao hawajawahi kufikishwa mahakamani wala ustawi. Tunayoyadai hapa tunayadai kwa makundi yote matatu, maana kwenye meza ya mwalimu mkuu shida yao ni moja.

Jina lenyewe halijatusaidia. Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, wa kambo ndiye anayeficha chungu cha mboga, na methali imeshatoa hukumu kwamba mama wa kambo si mama. Mlezi aliyejitolea, akachunguzwa, akatembelewa nyumbani na kuhojiwa, anapotambulishwa kwenye kikao cha wazazi kwa neno hilo anaanza akiwa na deni. Wapo wenzetu waliotaka tupendekeze neno jingine. Tumeliacha kwa kuwa ndilo la sheria, na mtoto anayesubiri dawati hana muda wa kusubiri istilahi.

Dai letu la kwanza, ambalo mengine yote yanalizunguka, ni hili: mtoto akihamishwa nyumba asihamishwe shule, ila pale ambapo kubaki ni hatari kwake au umbali haukubaliki. Leo mambo yanakwenda kinyume. Nyumba ikibadilika, shule inabadilika siku hiyohiyo bila mtu kuuliza. Mtoto ambaye wiki moja imemwondolea mama, ndugu, kitanda na mtaa anaondolewa pia mwalimu aliyemjua, rafiki wa kukaa naye dawati moja na daftari lililoishia katikati ya mada ya sehemu. Shule ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichobaki mahali pake, nasi tunaiondoa kwa sababu za kiutaratibu tu. Marekani, kwa sheria ya elimu ya mwaka 2015, mtoto aliye katika malezi ya kambo anabaki katika shule yake ya awali isipokuwa ikibainika kwamba kubaki hakuna manufaa kwake, na idara ya elimu na ya ustawi zinatakiwa kupanga pamoja usafiri wake. Hatutaki kunakili nchi yenye mabasi ya shule kila kona. Tunachokitaka kutoka huko ni swali lenyewe: kabla ya kumhamisha, aliulizwa nani?

Kwa hiyo tunaomba kila amri ya mahakama na kila barua ya ustawi inayomweka mtoto kwa mlezi itaje shule anayosoma, darasa lake na namba yake ya PREM, na iseme wazi kama atabaki pale au atahama, na kwa nini. Mistari mitatu inatosha. Hakimu asiyeuliza shule, na afisa asiyeiandika, wamefanya uamuzi wa elimu ya mtoto bila kujua kwamba wameufanya.

Akilazimika kuhama, karatasi zitangulie. Namba ya PREM ni ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa mfumo huo Baraza la Mitihani linamtambua, na uhamisho unapita humohumo. Mtoto aliyechukuliwa na polisi Jumanne mchana hakuaga, hana barua ya uhamisho, na shule ya zamani inamwandika mtoro. Kwenye mfumo bado ni wa shule hiyo, darasani hayupo, na shule mpya inamfundisha mtoto ambaye kwa kumbukumbu zake hayupo pia. Tunataka mwalimu mkuu wa shule ya awali aarifiwe na ustawi ndani ya siku tatu, na afisa elimu awe na mamlaka ya kukamilisha uhamisho huo bila kumtafuta mzazi ambaye pengine ndiye mshitakiwa. Wakati hayo yanafuatiliwa, mtoto awe ameketi darasani. Hakuna karatasi inayopungua thamani kwa kuletwa wiki mbili baadaye.

Wa darasa la saba ana jambo lake la peke yake. Mtihani ni Septemba, na watahiniwa wanasajiliwa mapema kwa jina la shule. Akiondolewa kwao Julai au Agosti, tunasisitiza afanyie mtihani pale alipoandikishwa, na halmashauri igharimie nauli yake na ya mlezi. Ni nauli ya siku mbili, na tumeona watoto wakirudishwa mwaka mzima nyuma kwa kukosa nauli hiyo.

Kwa nini mambo haya madogo hayafanyiki? Si kwa ubaya wa mtu. Mtoto huyu ni wa kila ofisi, kwa hiyo hana ofisi. Sera ya malezi iko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Sera ya elimu iko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule na maafisa wa wilaya wako chini ya TAMISEMI. Amri inatoka mahakamani. Afisa ustawi na afisa elimu wa wilaya wako chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri, mara nyingi katika jengo moja, na bado jalada la mtoto halivuki ukumbi. Uingereza ilijibu swali hili mwaka 2014 kwa kuzilazimisha halmashauri za England kuwa na afisa mmoja mwenye dhamana ya maendeleo ya shule ya watoto wote walio mikononi mwa halmashauri yake, kana kwamba wote wanasoma shule moja. Sisi hatuombi cheo kipya wala gari jipya. Tunaomba kila mkurugenzi amteue kwa barua mtu mmoja kati ya waliopo, na jina lake libandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na za ofisi za kata.

Ndani ya shule mtu huyo tayari yupo. Serikali imeagiza madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, na kwenye kata na vijiji kuna kamati zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Mwalimu wa dawati awe ndiye mtu wa mtoto aliye katika malezi ya kambo: apokee taarifa zake, akutane na mlezi kila muhula, atazame ripoti ya mtihani kabla haijawa mbaya. Na azitunze taarifa hizo kwa siri. Mwalimu hahitaji kujua nani alimtenda nini mtoto huyu. Anahitaji kujua nani anaruhusiwa kumchukua saa nane, siku gani ana kesi, na kwamba akilala darasani asihesabiwe mvivu kabla hajaulizwa kama usiku alipata usingizi.

Hapa tunageuka kwetu wenyewe. Ni walimu, si wizara, wanaosema mbele ya darasa la watoto sabini, "Mayatima wote simameni," ili kujaza orodha ya msaada wa madaftari. Ni sisi tunaoandika ubaoni majina ya wasioleta mchango wa uji. Ni sisi tunaotoa zoezi la kuchora familia yangu na kumpa sifuri aliyerudisha karatasi tupu. Msaada unaotangazwa kwa kumsimamisha mtoto ni bei kubwa kwa madaftari manne, na kuna watoto wanaojua hesabu hiyo vizuri: wanabaki wameketi, wanaandika nyuma ya daftari la mwaka jana.

Kuhusu viboko, wanachama wetu hawakuafikiana. Kanuni za mwaka 2002 zinaviruhusu kwa masharti, wapo wanaozitetea na wapo wanaotaka zifutwe kesho, na mjadala ulikwenda hadi jioni. Tuliafikiana kwa jambo moja bila kupiga kura: mtoto aliyeondolewa kwao kwa sababu ya kipigo asichapwe shuleni, kwa kosa lolote, na mwalimu yeyote. Mwanachama atakayekiuka atajibu kwa kamati ya nidhamu ya chama.

Kuhusu gharama hatutasema mengi. Ada ya shule za umma hadi kidato cha nne iliondoka Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, tunashukuru. Lakini sare, viatu, chakula cha mchana na fomu ya kujiunga na bweni yenye godoro, ndoo na rimu ya karatasi viko palepale. Mlezi wa kambo alipitishwa kwa kuwa alionekana ana uwezo, na kwa sababu hiyohiyo kila orodha ya misaada inamruka. Akipokea ndugu watatu kwa mkupuo, ili wasitenganishwe, uwezo ule uliochunguzwa ulikuwa wa mtu mwingine. Halmashauri ziwahesabu watoto hawa katika bajeti kwa idadi yao, si kwa hali ya nyumba iliyowapokea.

Linalotutia hofu zaidi ni siku ya kuzaliwa ya kumi na nane. Kwa sheria mtoto ni aliye chini ya umri huo, na usimamizi wa malezi unakoma hapo. Sasa tuhesabu. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka sita au saba, asirudie hata mwaka mmoja, anamaliza kidato cha sita akiwa na kumi na tisa au ishirini. Na watoto tunaowasemea ndio hasa waliopoteza mwaka mmoja au miwili wakihamahama. Wengi wanatimiza kumi na nane wakiwa kidato cha tatu au cha nne, na siku hiyo jalada linafungwa. Sheria hiyohiyo inalijua tatizo hili kwingine: amri ya matunzo dhidi ya mzazi inaweza kuendelezwa na mahakama baada ya miaka kumi na nane iwapo kijana yuko masomoni. Ikiwa baba aliyeshitakiwa anaweza kuamriwa alipie masomo ya mwanawe mwenye miaka kumi na tisa, hatuoni kwa nini Serikali ijiwekee mpaka mfupi kuliko ule iliomwekea yeye. Tunataka kanuni za malezi ya kambo zirekebishwe ili usimamizi uendelee hadi kijana amalize ngazi ya masomo aliyopo, kama mwenyewe anataka.

Baada ya hapo kuna mkopo wa elimu ya juu. Mwombaji aliyefiwa na mzazi huombwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Serikali. Aliyeokotwa akiwa na wiki tatu hana wa kumtafutia cheti hicho. Utaratibu wa kijana wa namna hiyo uandikwe wazi, na afikiwe nao akiwa kidato cha tano, si siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Kwa upande wa Zanzibar, Sheria ya Watoto Na. 6 ya mwaka 2011 inatambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu bila kumwasili, na familia huvuka bahari. Tunawaomba walimu wakuu wa Bara, hasa Dar es Salaam na Tanga, waipokee hati ya kafala kama wanavyopokea barua ya ustawi, na wasimdai mlezi karatasi ya kuasili ambayo hakuiomba na dini yake haimruhusu kuiomba.

Sisi wenyewe tunaanza na muhula ujao. Kila mwanachama aliye mwalimu mkuu atampokea mtoto aliyeletwa na barua ya ustawi siku anayofika, karatasi zikiwepo au zisiwepo, na atapeleka kwa chama hesabu ya waliopokelewa na siku ambazo uhamisho wao ulichukua kwenye mfumo. Wanachama walio maafisa ustawi wataanza kuandika ile mistari mitatu bila kusubiri agizo. Hesabu hizo tutazichapisha Juni, pamoja na za shule zetu zitakazokuwa zimeshindwa.

Tamko hili limepitishwa na mkutano mkuu na kutiwa saini na mwenyekiti na katibu. Nakala zimepelekwa kwa wizara husika, TAMISEMI, Baraza la Mitihani na wakurugenzi wa halmashauri. Nakala moja imebandikwa kwenye mlango wa ofisi yetu, kwa walezi watakaopita kuuliza Januari.