JINA SI DHAMANA: Neno kwa Wanunuzi wa Kompyuta Mpakato



Hapana shaka kwamba kompyuta mpakato imekwisha kutoka katika hesabu ya vitu vya anasa na kuingia katika hesabu ya zana za kazi. Mwanafunzi wa chuo huandikia utafiti wake, mwalimu hutayarishia mitihani, mfanyabiashara hutunzia hesabu za duka. Na kwa familia nyingi fedha ya kuinunua haitoki katika mfuko mmoja: baba hutoa, mjomba huongeza, shangazi humalizia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba fedha iliyokusanywa kwa taabu namna hiyo hutumiwa kwa kufuata swali moja tu, nalo ni hili: “Kampuni gani ni nzuri?” Mmoja atasema HP, wa pili Dell, wa tatu ataapa kwamba hakuna kompyuta ila ya Apple, na ubishi huwaka kama ule wa Simba na Yanga. Kila mmoja ana ushahidi wake: kaka yake alinunua hii ikadumu miaka mingi, jirani yake alinunua ile ikafa kabla ya mwaka. Maoni yetu ni kwamba swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Jina lililoandikwa mgongoni mwa kompyuta halidhamini ubora wake, na anayelinunua jina huenda akarudi nyumbani na jina tu.

Majina huuzwa na kununuliwa

Kwanza yapasa ifahamike kwamba majina haya nayo ni bidhaa. Compaq ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kompyuta katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 ilimezwa na Hewlett-Packard. Kompyuta za ThinkPad zilianza kuuzwa na IBM ya Marekani mwaka 1992 zikapata sifa ya uimara. Mwaka 2005 biashara hiyo ikawa mali ya Lenovo ya China, na hadi leo Lenovo ndiyo inayozitoa. Sony iliiuza biashara yake ya VAIO mwaka 2014. Ama Toshiba, iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kompyuta za kubebeka tangu mwaka 1985, iliuza asilimia 80.1 ya biashara hiyo kwa Sharp mwaka 2018, na mwaka 2020 ikatoa sehemu iliyobaki. Kompyuta hizo sasa huitwa Dynabook.

Basi anayesema leo, “Nitatafuta Toshiba mpya kwa sababu Toshiba ni imara,” anaisifu nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama. Sifa ya jana ni ya kitu kilichotengenezwa jana.

Tumbo moja, nguo mbalimbali

Pili, kampuni zinazoshindana dukani mara nyingi hukutana kiwandani. Quanta na Compal, zote mbili za Taiwan, ni watengenezaji wakubwa wa kompyuta mpakato ambazo hatimaye hubandikwa majina ya kampuni mashuhuri. Prosesa nyingi hutoka Intel au AMD, na diski, betri na vioo hutoka kwa watengenezaji wachache wanaowauzia wote.

Ushahidi ulio wazi kabisa ulionekana mwaka 2006. Mwezi Agosti mwaka huo Dell iliwataka wateja warudishe betri zipatazo milioni 4.1 kwa sababu zingeweza kupata joto kupita kiasi na kushika moto. Mwezi huohuo Apple ikaziita betri milioni 1.8, na mwezi Septemba Lenovo na IBM zikaziita betri zipatazo 526,000. Seli zilizokuwamo ndani ya betri hizo zote zilitengenezwa na Sony. Mtu aliyeikimbia Dell kwa hofu ya moto akanunua kompyuta ya jina jingine huenda aliubeba moto uleule katika mkoba mwingine.

Nyumba moja, ghorofa mbili

Tatu, na hili ndilo wanunuzi wengi hawalijui, kampuni kubwa nyingi zina angalau aina mbili za kompyuta. Ipo aina inayotengenezwa kwa ajili ya ofisi, serikali na mashirika, na ipo aina inayotengenezwa kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida anayevutwa na bei. Kwa Lenovo, ThinkPad ni ya ofisini na IdeaPad ni ya nyumbani. HP ina EliteBook na ProBook kwa ofisi. Dell kwa miaka mingi ilitumia jina Latitude kwa za ofisini na Inspiron kwa za nyumbani, hata ilipoanza kuyabadilisha majina hayo mwaka 2025.

Tofauti si ya rangi. Shirika linalonunua kompyuta elfu moja halikubali kupoteza siku mbili kwa kila moja inayoharibika. Kwa hiyo aina ya ofisini hupewa bawaba madhubuti, kibodi inayostahimili, skrubu zinazofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kitabu cha matengenezo ambacho fundi yeyote anaweza kukisoma. Aina ya bei ya chini kabisa, hata iwe na jina kubwa namna gani, huweza kuwa na prosesa dhaifu ya Celeron na hifadhi ya gigabaiti 64 tu iliyounganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, isiyoweza kutolewa wala kuongezwa. Mfumo wa Windows pekee huila sehemu kubwa ya hifadhi hiyo.

Mfano wa kadhia hii ni ule uliojulikana mwezi Februari mwaka 2015. Ilibainika kwamba Lenovo iliweka katika baadhi ya kompyuta zake za nyumbani programu ya matangazo iliyoitwa Superfish, ambayo ilidhoofisha ulinzi wa mawasiliano ya siri, yakiwamo yale ya mteja na benki yake. Kompyuta za ThinkPad hazikuwekewa programu hiyo. Jina la Lenovo lilikuwa moja. Hatari ilikuwa ya ghorofa moja.

Je, jina halina maana kabisa?

Hatusemi hivyo, kwani insafu yatutaka tuseme la upande wa pili. Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe mwishoni mwa mwaka 2020, kompyuta zake zilipata uwezo wa kufanya kazi saa nyingi bila umeme, na hilo ni jambo kubwa kwa anayeishi penye umeme wa kukatikakatika. Lakini kompyuta hizohizo kumbukumbu yake ya kazi, ambayo madukani huitwa RAM, haiongezwi baada ya kununuliwa: ulichochagua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Na ni Apple hiyohiyo ambayo kibodi zake za kati ya mwaka 2015 na 2019 zililalamikiwa kwa kukwama vitufe, hata ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi iliyofunguliwa Marekani.

Jina lina thamani pale linapoandamana na huduma. Penye ofisi ya kampuni, vipuri vya asili na mafundi waliofunzwa, jina ni ahadi inayoweza kudaiwa. Pasipo na hayo, jina ni maandishi. Na ikumbukwe kwamba dhamana nyingine hufungwa na nchi ya ununuzi: kompyuta iliyoletwa na ndugu kutoka ng’ambo yaweza kuwa na dhamana halali kabisa ambayo hapa haina wa kuitekeleza.

Swali linalostahili kuulizwa

Badala ya kuuliza “Kampuni gani?”, na tuulize: “Siku itakapoharibika, nani ataitengeneza, kwa kipuri gani, katika mji gani?”

Kwani kila kompyuta huharibika. Vumbi huziba feni, joto huchosha betri, tundu la chaja hulegea, kioo hupasuka. Aliye Dar es Salaam anaweza kuzunguka Kariakoo mpaka akapata kibodi. Aliye Sumbawanga au Pemba atategemea fundi mmoja na basi au boti ya mizigo. Kwake yeye, kompyuta inayofaa ni ile ambayo fundi wa jirani amekwisha kuifungua mara nyingi na vipuri vyake vinajulikana. Aende kwa fundi kabla ya kwenda dukani, amuulize: “Ni zipi unazozitengeneza kwa urahisi, na ni zipi huzirudisha kwa wenyewe?” Jibu la fundi lina uzito kuliko tangazo lolote.

Kwa mwenye fedha ya wastani, sisi twaona kwamba kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika miaka michache humfaa kuliko kompyuta mpya ya bei ya chini. Mpya ina harufu ya duka na karatasi za kubandua. Iliyotumika ina bawaba za chuma, na mara nyingi nafasi ya kuongeza kumbukumbu na kubadili diski. Wengi huona haya kumpa kijana kitu kilichotumika, lakini haya hiyo huisha siku kijana anapomaliza masomo kwa kompyuta ileile aliyoanza nayo.

Kabla ya kutoa fedha

Hata hivyo, soko la vilivyotumika lina ghiliba zake, na yafaa mnunuzi azijue.

Asidanganywe na kibandiko. Neno “Core i5” peke yake halitoshi, kwani Intel imetoa i5 za vizazi vingi. Atazame namba inayofuata: i5-2520M ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, nayo ina viini vinne pale ambapo ile ya kwanza ina viwili. Zote mbili huuzwa kwa jina la i5.

Atazame pia umri wa mfumo. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huhitaji, isipokuwa kwa nadra, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Kompyuta ya kizazi kilichotangulia bado ina kazi, hasa kwa atakayeiwekea Ubuntu, mfumo usiolipiwa. Lakini bei yake yapasa iseme ukweli huo.

Aiwashe bila chaja, ajaribu kila kitufe, kamera, spika na matundu yote. Katika Windows ipo amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki nusu, gharama ya betri nyingine na ihesabiwe ndani ya bei. Ahakikishe diski ni ya SSD, kwani hakuna mabadiliko yanayoihuisha kompyuta kuukuu kama hayo. Aizime na kuiwasha tena, aingie katika mipangilio ya ndani kabisa, aone kama imefungwa kwa nenosiri la shirika lililokuwa likiimiliki. Iliyofungwa hivyo yaweza kumtumikia wiki mbili kisha ikamkatalia. Mwisho, adai risiti yenye namba ya utambulisho ya kompyuta hiyo, na muda wa kuirudisha uandikwe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeharakisha malipo na kuchelewesha ukaguzi amekwisha kujieleza.

Dhima ya wauzaji na wajuzi

Tunamalizia kwa maneno mawili. La kwanza ni kwa wafanyabiashara wetu. Kuificha kasoro unayoijua, kubandika kibandiko kipya juu ya cha zamani, au kuiita mpya kompyuta iliyosuguliwa ikang’aa, ni kula jasho la watu ambao hawana njia ya kukugundua. Muuzaji anayesema, “Betri ya hii imechoka, ndiyo maana bei iko chini,” huenda akapoteza mauzo ya siku moja, lakini mtaa mzima utamrudia.

La pili ni kwa wajuzi. Kila mtaa una vijana wanaoyaelewa mambo haya, na kila siku mama mmoja huingia dukani peke yake na fedha ya ada mkononi. Kamati inayotaka kuwanunulia wanafunzi kompyuta kumi, nayo mara nyingi humtuma mtu mwaminifu asiyejua kitu. Uaminifu bila ujuzi huleta hasara iliyo na risiti safi. Ujuzi wa dakika ishirini, ukitolewa bure mbele ya meza ya muuzaji, waweza kuokoa akiba ya mwaka mzima. Kijana anayejua na asiulizwe tu, ajitolee. Naye mnunuzi asione aibu kumwomba aandamane naye, kwani kuuliza si ujinga, na fedha ikishavuka meza ni nadra kurudi.