Dawa ya Ndama, Homa ya Mtoto

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, husifika zaidi kwa asali kuliko kwa maziwa. Hata hivyo, wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia mkoani humo na ng'ombe wao kwa miaka mingi, na chupa ya oksitetrasaiklini imefuatana nao. Anayedunga sindano mara nyingi ni mwenye mifugo mwenyewe. Bwana mifugo yuko mbali, na ndama anayeharisha hangoji.

Kipimo kikipungua, bakteria dhaifu hufa, na wale sugu husalia na kuzaana. Tena usugu huo hauna uchoyo: bakteria hupeana vinasaba vyake, hata jamii moja kwa nyingine, kupitia vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Kilichoanzia katika utumbo wa ndama huweza kumfikia mtoto kwa maji ya lambo, kwa mikono iliyokamua, au kwa maziwa mabichi. Na njia hiyo ina pande mbili, kwani kinyesi cha binadamu kisichoishia chooni humpelekea ng'ombe usugu uliozaliwa hospitalini.

Gharama yake inajulikana. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 uliwachunguza watoto wenye bakteria katika damu. Kati ya waliokuwa na bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vya kuvunja viuavijasumu vyenye nguvu, asilimia 71 walifariki. Utafiti huo haukuhusu mifugo, lakini unaonyesha usugu unapoishia.

Kumlaumu mfugaji ni rahisi, wala si haki, maadamu zahanati nazo hutoa amoksilini kwa mafua yaletwayo na virusi. Mpango wa kitaifa wa mwaka 2017 hadi 2022 uliunganisha sekta za afya na mifugo chini ya dhana ya Afya Moja. Muungano huo ungepaswa kusikika katika chumba cha mganga: "Mama, nyumbani mnafuga? Mifugo imedungwa dawa gani karibuni?" Swali hilo halimgharimu mtu chochote. Mtoto asiyepata nafuu kwa dawa ya kwanza, naye ametoka kwenye boma lenye sindano za kila wiki, ana sababu ya kuchukuliwa sampuli au kupewa rufaa mapema, badala ya kuongezewa dawa ileile.

Kwa upande wa familia, maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kuchemsha huua bakteria. Hakuondoi mabaki yote ya dawa.